Gesti ni ya ami yangu, makala ya Wikipedia nimeandika mimi, wameifuta. Nifanyeje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi nafanya kazi kwenye gesti moja hapa Shela, mwenyewe ni ami yangu, napokea wageni na kuendesha kurasa zetu za mitandaoni. Ami akaniambia na sisi tuingie Wikipedia kwa sababu wageni huiangalia kabla hawajaja Lamu. Nikafungua akaunti kwa jina la gesti kwenye ile ya Kiingereza, nikaandika makala, na kwenye makala ya Shela nikaongeza sentensi moja kutuhusu na linki yetu. Siku hiyo hiyo vyote vikatolewa na akaunti ikafungiwa. Jana nimepata imeili, mtu anasema yeye ni mkubwa wa Wikipedia, nimtumie pesa airudishe makala na ailinde. Nilikuwa na mpango pia wa kuandika kuhusu babu yangu marehemu, alikuwa fundi wa majahazi Matondoni. Sasa mtu wa Lamu haruhusiwi kuandika kuhusu Lamu? Ami anataka majibu na mimi sina.

JIBU: Marahaba mdogo wangu.

Tuanze na hiyo imeili maana ndiyo yenye haraka. Usitume pesa, wala usimjibu. Wikipedia haina mkubwa anayelipwa kurudisha makala, na hakuna binadamu anayeweza kukulindia makala isiguswe na wenzake. Hao wakabidhi wanaofuta na kufungia akaunti ni watu wa kujitolea tu, na mkabidhi akijulikana anadai pesa kwa kazi hiyo hakai. Huu mchezo ni wa zamani. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 kwa mpigo, za kundi moja lililokuja kuitwa Orangemoody, na mtindo wao ulikuwa huo huo unaouona wewe: wanapitia makala zilizokataliwa au kufutwa, wanamtafuta mwenye biashara, wanajifanya wao ni watu wa ndani, wanakula pesa makala inapanda, halafu baada ya muda wanarudi tena ati ulipe kila mwezi ilindwe. Makala 210 zilizopitia mikononi mwao zikafutwa. Orodha ya makala zilizofutwa iko wazi kwa kila mtu, na nadhani huyo rafiki yako kakutoa huko. Piga skrinishoti uiweke, Wikipedia ya Kiingereza ina ukurasa mzima wa onyo kuhusu hawa matapeli na mle ndani kuna anwani ya kuwaripoti. Na umwambie ami yako leo leo, kabla hajatafutwa yeye.

Haya, sasa lile lenyewe. Kilichokupata kinaitwa mgongano wa maslahi, yaani unaandika kuhusu kitu ambacho kikisifiwa unafaidika na kikisemwa vibaya unaumia, ndugu yako, kazi yako, biashara yako, chama chako. Wahenga walishamaliza, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na sikiza vizuri hapa kwa sababu watu wengi wakiambiwa hivi wanahisi wametukanwa: kuwa na mgongano wa maslahi si kosa wala si uongo, ni hali tu uliyo nayo. Unaweza kuwa mtu mkweli kabisa na bado ukaandika "gesti nzuri yenye mandhari ya kuvutia" bila kujua kama umepiga debe, kwa sababu wewe kweli unaona mandhari inavutia, kila asubuhi unaiona. Jimmy Wales mwenyewe, aliyeanzisha Wikipedia 2001, mwaka 2005 aligunduliwa ameingia kwenye makala inayomhusu yeye na kubadilisha maelezo, mojawapo likiwa hilo la kama Larry Sanger alikuwa mwanzilishi mwenzake au la. Alisemwa, na akakubali kwamba haikufaa. Basi kama mwenye nyumba alishindwa kujizuia wewe usijione mkosaji wa ajabu.

Kilichokuponza wewe ni mambo matatu yamekuja pamoja. Akaunti kwa jina la biashara, hiyo hairuhusiwi, akaunti ni ya mtu mmoja, haiwi ya kampuni wala haitumiwi na watu wawili. Linki ya kwenu ndani ya makala ya kijiji, hiyo wanaiita tangazo hata iwe na heshima kiasi gani. Na hukusema wewe ni nani. Hili la tatu ndilo kubwa, maana hapo umevuka mgongano wa kawaida umeingia kwenye uhariri wa kulipwa, na huo una sheria yake. Tangu Juni 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia, shirika linaloiendesha Wikipedia, yanamtaka yeyote anayelipwa kwa michango yake aseme wazi nani anamlipa na kwa niaba ya nani. Najua utasema "mimi silipwi kuandika Wikipedia, nalipwa kupokea wageni". Bosi amekuambia uandike, umeandika kama sehemu ya kazi, umelipwa. Hata wasiokupa mshahara wakikupa chumba na chakula, malipo si lazima yawe noti, vitu na huduma pia ni malipo.

Ami yako atauliza kwa nini wamekuwa wakali hivi, kisentensi kimoja tu cha gesti ndogo ya Shela. Ukali umeletwa na wakubwa. Mwaka 2007 kijana mmoja wa Marekani, Virgil Griffith, alitoa programu iliyokuwa inalinganisha mabadiliko ya Wikipedia na anwani za kompyuta zilikotoka, ikaonekana makampuni na ofisi za serikali zinajisafishia makala zao kimya kimya. Mwaka 2019 kampuni ya nguo The North Face na wakala wake wa matangazo walibadilisha picha za sehemu maarufu duniani wakaweka zao zenye bidhaa zao ndani, ili mtu akitafuta mahali hapo Google bidhaa ijitokeze, tena wakatoa na video ya kujisifu. Walikuja kuomba radhi. Sasa mtu anayekesha kuyafagia mambo hayo usiku na mchana akikuona wewe na linki yako hana muda wa kukuuliza habari za asubuhi.

Na linki yenyewe haina faida mnayoifikiria. Tangu mwanzo wa 2007 linki zote za nje kwenye Wikipedia ya Kiingereza zinawekewa alama ya kuiambia mitambo ya kutafuta isizihesabu. Yaani hata ingebaki pale mwaka mzima isingeipandisha tovuti yenu Google. Hilo nadhani litampoza ami kuliko maelezo yangu yote.

Sasa hilo swali lako la mtu wa Lamu kuandika kuhusu Lamu, ndilo nililolipenda. Unaruhusiwa, na zaidi ya kuruhusiwa unahitajika. Kuzaliwa mahali si mgongano wa maslahi. Kuandika kuhusu ngome ya Lamu, msikiti wa Riyadha, Maulidi, magofu ya Takwa kule Manda, punda, milango ya kuchonga, hayo ni ya kwako na hakuna wa kukuuliza, mradi unaweka vyanzo. Lamu mji wa kale uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na bado makala zake nyingi zimeandikwa na watu waliokaa siku tatu wakaondoka.

Lakini mpaka upo, na kwenu kule ambako kila mtu ni ndugu, shemeji au jirani wa mtu, mpaka huo unapita katikati ya sebule. Mimi najiuliza hivi: je, kuna mtu atakayenipigia simu nikiandika hiki? Ukiandika historia ya Shela, hakuna. Ukiandika kwenye makala ya Shela kwamba mtalii akifika alale upande gani, ami atakupigia. Chukua ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Kwasasi, ambao mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake Juni 2019. Mkaazi wa kawaida wa Lamu aliyeupinga moyoni anaweza kuhariri makala hiyo, ana maoni tu, na maoni kila mtu anayo, kazi yake ni kuyafunga nje anapoandika. Aliyekuwa kwenye mshahara wa kampuni ana mgongano. Na aliyekuwa kwenye mshahara wa shirika lililopinga naye ana mgongano ule ule, hata kama wewe na mimi tunamshangilia. Hapa ndipo nakosana na rafiki zangu wanaharakati, wanaona upande wenye haki hauna haja ya kutangaza maslahi. Unayo haja, tena zaidi, maana siku adui yenu atakapogundua nani aliandika ile makala atakuwa na cha kusema.

Kuna kisa cha Gibraltar, kile kieneo cha Uingereza kusini mwa Uhispania, ambacho watu wa miji ya utalii tungefaa tukijue. Mwaka 2012 kulianzishwa mradi wa kuujaza mji ule Wikipedia, wakabandika vibao vyenye msimbo wa QR kwenye majengo, mgeni anapiga simu yake pale makala inafunguka kwa lugha yake. Jambo zuri kabisa, kesho ungependa lifanywe Lamu na hapa kwetu Malindi kuanzia ile nguzo ya Vasco da Gama. Ila mmoja wa walioongoza alikuwa kwenye bodi ya Wikimedia UK, jumuiya ya wanawikimedia wa Uingereza, na wakati huo huo mshauri wa kulipwa wa serikali ya Gibraltar, na makala za Gibraltar zikawa zinajitokeza mara kwa mara ukurasa wa mwanzo wa Wikipedia. Kelele zilizozuka hapo! Akajiuzulu kwenye bodi. Makala zenyewe nyingi hazikuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana nakisimulia, ubora wa makala haukumwokoa.

Tuje kwenye vitendo.

Kwanza fungua ukurasa wa majadiliano wa ile akaunti iliyofungiwa usome tangazo lililowekwa pale neno kwa neno. Kuna kufungiwa kwa namna mbili. Moja ni kwa sababu ya jina tu, hiyo wanakuambia fungua akaunti nyingine yenye jina linalokubalika uendelee. Ya pili ni jina pamoja na matangazo, hapo hutakiwi kufungua nyingine, unaomba pale pale kwenye ukurasa wako, unataja jina jipya unalotaka na unaeleza umeelewa nini na utafanya nini tofauti. Ukifungua nyingine kwa siri ukiwa umefungiwa namna ya pili umejiongezea kosa baya kuliko la kwanza, na usidhani hawatajua, wapo watumiaji wachache wenye ruhusa ya kukagua akaunti zinazotumia mtambo mmoja. Jina la gesti likiwa nyuma ya jina lako, mfano "Fulani wa Gesti Fulani", hilo linakubalika kwa Wikipedia ya Kiingereza kwa sababu linaonyesha mtu mmoja.

Akaunti ikishakuwa sawa, kabla hujagusa kitu andika tamko kwenye ukurasa wako wa mtumiaji. Mistari miwili inatosha, mimi ningeandika hivi: "Ni mfanyakazi wa gesti ya (jina) iliyoko Shela, Lamu. Mwenye gesti ni ami yangu. Chochote kinachohusu gesti hii au biashara ya malazi Lamu sitakihariri mwenyewe, nitaomba kwenye majadiliano." Sheria inakuruhusu kuliweka tamko hapo, au kwenye majadiliano ya makala, au kwenye muhtasari wa badiliko, yaani yale maelezo mafupi unayoandika unapohifadhi, popote kati ya hapo patatu. Mimi nakushauri hapo kwenye ukurasa wako kwa sababu muhtasari unazama kwenye historia baada ya wiki na mtu akikutafuta asiuone atasema ulificha.

Halafu ukitaka kitu kibadilike kwenye makala unayohusika nayo, huendi Hariri, unaenda Majadiliano. Kuna kigezo maalum, yaani alama iliyoandaliwa tayari ya kubandika kwenye ukurasa, cha maombi ya watu wenye maslahi, ukikiweka juu ya ombi lako linaingia kwenye foleni ambayo watu wasiohusika wanaipitia. Ombi zuri ni lile ambalo mtu akilisoma hana cha kukuuliza. Tuseme kwenye makala umekuta imeandikwa kwamba gesti zote za Shela ni za wageni wa nje, na chanzo ni blogu ya msafiri. Hapo una maslahi, maana ya ami yako si ya mgeni. Basi unaandika:

"Mimi ni mfanyakazi wa gesti ya (jina), ni ya familia yangu. Sehemu ya Utalii, sentensi ya tatu, inasema gesti zote za Shela zinamilikiwa na wageni. Chanzo ni blogu binafsi. Naomba iondolewe, au isomeke: 'Gesti za Shela zinamilikiwa na wenyeji na pia wageni.' Chanzo: (gazeti, kichwa cha habari, tarehe)."

Umeona, umesema we ni nani, sentensi ipi, iwe vipi, na ushahidi. Hujasema "makala hii imejaa uongo irekebishwe yote", ombi la namna hiyo linakaa mpaka linaota kuvu kwa sababu hakuna wa kujitolea atakayekufanyia kazi yako ya siku nzima bure. Na hukuweka jina la gesti yenu kwenye sentensi unayoiomba, ungeliweka pale ungejimaliza mwenyewe.

Baada ya hapo ni kusubiri. Inaweza kuwa siku, inaweza kuwa miezi, foleni ya Kiingereza huwa ndefu. Ukikataliwa utapewa sababu, zijibu hizo sababu, usianze "nyinyi mnawaonea Waafrika" hata kama una hasira, maana pale kwenye foleni wanamkatalia kila mtu, na mwenye benki ya London wanamkatalia vile vile. Ubaguzi Wikipedia upo, sisemi haupo, vyanzo vyetu vinadharauliwa na hilo nalipigania kila siku, lakini ukilitumia kuombea gesti ya familia unawaharibia wale wenye kesi ya kweli.

Vitu vidogo vidogo unaweza kufanya mwenyewe bila kuomba, tahajia, namba iliyogeuzwa, matusi aliyoandika mtoto wa shule, au madai mabaya juu ya mtu aliye hai yasiyo na chanzo. Ila ukitoa madai mabaya juu ya ami yako sema kwenye muhtasari kwamba ni ami yako, na kama kuna mtu ameyarudisha usivutane naye, nenda ukaombe watu wengine. Kwenye ile ya Kiingereza kutengua mabadiliko ya wenzako zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kunakufungisha hata kama haki ni yako.

Sasa makala ya gesti yenyewe. Nitakwambia bila kuzunguka, sidhani inastahili, na nasema hivyo bila kuijua. Kipimo si uzuri wa mahali wala miaka iliyopo. Kipimo ni je, watu wasiowajua, msiowalipa, wameandika kwa kirefu kuhusu nyinyi, gazetini, vitabuni, kwenye utafiti? Tovuti za kubuku vyumba hazihesabiki, maoni ya wageni hayahesabiki, tovuti yenu haihesabiki, na ile makala ya jarida ambayo mwandishi alilala bure siku nne akala kamba, hiyo nayo wakijua haihesabiki. Ikiwa nyumba yenyewe ni ya kihistoria na wasomi wa majengo ya Lamu wameiandika, hapo una pa kuanzia, lakini makala itakuwa ya nyumba, gesti itapata mstari mmoja. Na kama mnavyo vyanzo hivyo, peleka rasimu kwenye mlango wa makala zinazosubiri kukaguliwa, usiiweke moja kwa moja.

Tena muulize ami yako swali hili: anajua makala haitakuwa yake? Ikishasimama, siku mgeni ameibiwa na gazeti likaandika, itaingia mle ndani na hamtaweza kuitoa. Kesi ya ardhi, itaingia. Wenye biashara wakisikia hili huwa wananyamaza kidogo.

Anachotaka yeye ni wageni, na kwa hilo kuna mahali pake halali. Wikivoyage ni mradi dada wa Wikipedia, umo Wikimedia tangu 2013, ni kitabu cha msafiri, na mle mwenye biashara anakaribishwa kuiweka biashara yake, mara moja, sehemu yake, kwa maelezo ya kawaida: jina, ilipo, simu, bei, saa ya kuingia na kutoka. Pambo hawataki, ukiandika "isiyosahaulika" watakuja na mkasi, na kuhusu kulipwa tamko lako bado unaliweka. Na OpenStreetMap, ile ramani, iweke gesti hapo mwenyewe, hakuna shida, vichochoro vya Lamu kwenye ramani nyingi havieleweki na mgeni anayefika jetini jioni atakushukuru. Mimi ningemwekea ami hizi mbili leo hii nikamwambia kazi imekwisha.

Babu yako, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hapa natofautiana kidogo na wenzangu wanaosema "ni ndugu yako, usiguse". Usiandike makala ya babu, hilo nakubaliana nao, ukimwandika wewe utamwandika kama unavyomkumbuka na hakuna atakayeweza kukupinga, msibani hapapingwi. Lakini kile alichojua babu, jinsi jahazi linavyojengwa Matondoni, mbao gani, hatua gani, nani anafanya nini, hicho Wikipedia inakikosa kabisa na wewe umekaa nacho nyumbani. Shida ni kwamba Wikipedia haikubali "babu aliniambia", inataka kilichochapishwa mahali mtu mwingine anaweza kukikagua. Mwaka 2011 kulifanywa mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi watu wakieleza mambo yao na kutumia rekodi hizo kama vyanzo, ubishi ukawa mkubwa na kanuni ikabaki palepale. Hata mwenye jambo lake hasikizwi, mwandishi wa Marekani Philip Roth alitaka kurekebisha maelezo kuhusu riwaya yake mwenyewe mwaka 2012 akaambiwa neno lake peke yake halitoshi, akaishia kuandika barua ya wazi kwenye jarida la The New Yorker, na barua ikishachapishwa inakuwa chanzo.

Njia hiyo hiyo unaipitia wewe. Mafundi walio hai, warekodi. Zana za babu na picha zake, wapelekee watu wa makumbusho ya Lamu, au mtafute mwandishi wa gazeti aje Matondoni aandike. Akishaandika, na babu akatajwa humo, basi kwenye majadiliano ya makala ya Matondoni unaweka ombi, unasema ni babu yako, unaweka gazeti. Makala ya ujenzi wa majahazi kwa jumla unaweza kuiandika mwenyewe kwa vyanzo vya vitabu, ukifika kwenye jina la babu tu ndipo unaacha kalamu.

Na picha! Hapa ndipo naomba kabisa. Wikimedia Commons, ile hazina ya picha zinazotumiwa Wikipedia, inahitaji picha za Shela, Matondoni, Kipungani, Siyu, Faza, mtu akitengeneza tanga, mtu akichonga mlango, na wewe simu unayo. Jumuiya ya Commons iliamua kutodai tamko la malipo kama Wikipedia inavyodai, kwa hiyo huko ni kwepesi zaidi, ila picha iwe umeipiga mwenyewe, usichukue Instagram, na ujue ukishaipandisha kwa leseni ya wazi mtu yeyote anaweza kuitumia hata kibiashara akikutaja. Na bango la gesti lisiwe katikati ya kila picha, maana wale wa North Face wameshatuharibia.

Kuna mtu atakunong'oneza ukaiweke ile makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ati huko hawaangalii. Ni kweli wakabidhi wa Kiswahili ni wachache na makala ni maelfu kwa maelfu, kitu kinaweza kukaa muda bila kuonwa. Lakini masharti yale ya 2014 yanatumika huku pia, na mimi ni mmoja wa wanaopita kwenye mabadiliko ya karibuni kila jioni nikishakunywa kahawa, nikikuta "chaguo bora la wageni" naweka kigezo cha kufutwa bila kumuuliza mtu. Huku kwetu makala moja ya matangazo inaonekana zaidi kwa sababu hakuna nyingine nyingi za kuifunika. Mtoto wa shule ya Mokowe anayetafuta habari za Shela kwa Kiswahili asikutane na bei za vyumba.

Jambo la mwisho, maana najua utalifikiria. Ukishaweka ombi lako kwenye majadiliano usinitumie mimi linki niliidhinishe, na usiwaambie mabinamu wafungue akaunti waje waseme "nakubaliana na aliyetangulia". Kuita watu wa upande wako kunajulikana upesi, akaunti tano mpya zote za siku moja zote zinazungumzia gesti moja ya Shela, na mnafungiwa wote pamoja na aliyekuwa hana habari. Mimi tayari nimeshazungumza na wewe, ombi lako nikiliona kwenye foleni nitalipita nimwachie mwingine.